Msomaji mzoefu: maneno yanayofanana tahajia yanamchelewesha au yanamharakisha?

#1 Konsonanti
Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa uhariri kuna wadau wamekomaa kwamba msomaji mzoefu husoma neno zima kwa umbo lake, kwa hiyo maneno yanayofanana lazima yamchanganye: madini na madeni, kalamu na karamu, habari na hatari. Lakini ukisoma saikolojia ya usomaji unakuta matokeo yanayosema kinyume, kwamba neno lenye majirani wengi hutambuliwa haraka zaidi.

Jirani hapa ni kwa maana ya Coltheart na wenzake wa 1977: badilisha herufi moja tu, urefu ubaki uleule, herufi nyingine zisiondoke mahali pake. Chukua "pika". Majirani zake ni piga, pita, pima, pipa, paka, fika, zika, vika, na bado sijamaliza. Chukua "tafadhali". Hana hata mmoja.

Kati ya hao wawili nani anasomeka kwa shida? Nasema ni "pika", na utafiti wa 1977 unaniunga mkono. Karibuni mnipinge.

#2 MzeeWaKoma
Kwanza tuzike hiyo ya "umbo la neno zima". kItAbU umeisoma au hujaisoma? Umbo limevurugika na neno limepita. Zinazotambuliwa ni herufi, kadhaa kwa mpigo, si moja baada ya nyingine na si kivuli cha neno.

Modeli ya McClelland na Rumelhart ya 1981 ndiyo pa kuanzia. Ina ngazi tatu: vipande vya herufi (mstari wima, mlalo, tao), herufi zenyewe, kisha maneno. Herufi p-i-k-a zikiwaka zinasukuma nguvu juu kwenda "pika", lakini zinawasukuma pia "piga" na "pita" maana wana herufi tatu kati ya nne. Pale juu maneno yanakandamizana: anayepata nguvu nyingi anawazima wenzake. Jirani kwa modeli hiyo ni mshindani, na mshindani anakula muda.

#3 Fremu60
#1 hapo umechapia kidogo. Coltheart na wenzake hawakuona athari ya idadi ya majirani kwenye maneno halisi. Waliiona kwenye si-neno, yaani misururu ya herufi iliyotungwa: yenye majirani wengi inachelewa kukataliwa. "Pifa" inachukua muda mrefu kuikataa kuliko "rofu", kwa sababu pifa inawaamsha nusu ya kijiji.

Aliyeonyesha kwamba majirani wengi wanaharakisha maneno adimu ni Sally Andrews, 1989 na tena 1992, kwa Kiingereza. Kwa maneno yanayotumika kila siku athari hiyo ilikuwa ndogo au haikuwepo.

#4 Mtani
Kwa hiyo mtoa mada ameleta shahidi, na shahidi kafika mahakamani anamkana. Naweka kambi hapa.

#5 Bi Irabu
Mnahesabu vichwa wakati swali ni nani ana sauti kubwa kati ya hivyo vichwa. Grainger, O'Regan, Jacobs na Segui, 1989, walifanya kwa Kifaransa: kinachochelewesha neno si wingi wa majirani, ni kuwa na angalau jirani mmoja anayetumika kuliko lenyewe.

Mahali na mahari. Ukikutana na "mahari", neno "mahali" linainuka nalo, na kwa kuwa limezoeleka mno linainuka kwa kasi. "Mahari" ina kazi ya kulishusha kwanza. Geuza: ukikutana na "mahali", "mahari" inainuka kidogo tu na haimsumbui mtu. Ugomvi ni wa upande mmoja, na ukichanganya pande zote mbili kwenye wastani mmoja utapata sifuri. Sehemu ya zile tafiti zinazopingana zimekwama hapo.

#6 Konsonanti
@Bi Irabu nimekuelewa, lakini hujajibu Andrews. Ikiwa majirani ni washindani tu, neno adimu lenye majirani wanane lingekuwa la mwisho kutambuliwa. Yeye kakuta limetangulia.

#7 Kikokotoo
Jibu la Grainger na Jacobs, 1996: angalia mshiriki anaulizwa nini. Jaribio lenyewe ni msururu wa herufi kwenye skrini, bonyeza kulia kama ni neno, kushoto kama si neno. Hakuna aliyemwambia alitambue neno GANI. Kwa hiyo ana njia mbili za kusema "ndiyo". Moja ni kusubiri neno moja livuke kizingiti. Nyingine ni kusikiliza kelele ya jumla ya ngazi ya maneno: kukiwa na kelele nyingi, bonyeza "ndiyo" uendelee. Neno lenye majirani wengi lina kelele nyingi hata kabla halijashinda.

Halafu kuna saa ya "hapana". Muda ukipita bila neno kuvuka, unasema si neno. Kelele ikiwa kubwa mapema saa hiyo inasogezwa mbele, ndiyo maana "pifa" ya Fremu60 inachelewa kukataliwa. Utaratibu mmoja unaeleza matokeo yote mawili.

Kwa vitendo: ukitunga si-neno mbovu kama "pkrta", mshiriki hahitaji kutambua chochote, anatofautisha yanayotamkika na yasiyotamkika. Majirani wataonekana wanasaidia. Tunga si-neno zinazofanana sana na maneno, msaada unapungua na ushindani unajitokeza. Kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada, vitenzi. Ukitunga "anapifo", irabu ya mwisho inamtoboa siri kabla hajaangalia mzizi. Iache -a, badilisha konsonanti ya mzizi. Na ukitumia vitenzi vya mkopo kama anajibu au anasamehe, weka na si-neno zenye miisho hiyo kwa uwiano uleule.

#8 Mtani
Yaani miaka yote hiyo walikuwa wanapima kubonyeza vitufe wakadhani wanapima kusoma.

#9 JichoKavu
@Mtani umetania lakini umegusa penyewe. Ndiyo maana kuna waliohamia kwenye kupima macho mtu akisoma sentensi. Jicho halitelezi, linaruka na kutua. Mtuo mmoja ni kama milisekunde (ms) 200 hadi 250, mruko kama herufi 7 hadi 9 kwa maandishi ya Kiingereza.

Perea na Pollatsek, 1998: neno lenye jirani maarufu zaidi halikuongeza sana muda wa mtuo wa kwanza. Gharama ilikuja baadaye. Jicho likishavuka neno, muda uliongezeka kwenye maneno yanayofuata, na miruko ya kurudi nyuma ikawa mingi. Maana yake msomaji wakati mwingine alisoma jirani, akaridhika, akaendelea, kisha sentensi ikakataa kukaa sawa.

Mwaka uliofuata, Pollatsek, Perea na Binder walichukua maneno yaleyale wakayapima kwa njia zote mbili. Kwenye vitufe majirani wengi waliharakisha. Kwenye kusoma sentensi, walichelewesha. Maneno yaleyale, wakuu.

Slattery 2009 akaongeza muktadha. Neno lenye jirani maarufu linasumbua pale ambapo sehemu ya sentensi iliyotangulia inamruhusu huyo jirani. Muktadha ukiwa unamkataa jirani tangu mwanzo, usumbufu unaondoka. "Kampuni ilifilisika kwa sababu ya madini" ina nafasi kubwa ya kusomwa vibaya, maana madeni yanakaa hapo vizuri kuliko yenyewe. "Wachimbaji walipasua mwamba wakakuta madini" haina shida.

#10 Prufu ya Pili
Nakazia #9 kwa upande wa kazi. Makosa yanayopita prufu (usomaji wa kusahihisha kabla ya kuchapa) mbili hadi tatu si "kitbau". Hilo programu ya kukagua tahajia inalipiga mstari mwekundu. Yanayopita ni jirani halali anayekaa kwenye sentensi: madaraka/madaraja, thamini/dhamini, salama/salamu, fahari/fahali. Na yale ya kuongeza au kupunguza herufi: futa/fuata, kabla/kabila, adabu/adhabu.

Dawa yake si kusoma kwa makini zaidi. Umakini unaongeza utabiri wa muktadha na utabiri ndio unaokudanganya. Tengeneza orodha ya jozi za aina ya kitabu husika (cha sheria: dhamana/thamani, cha uchumi: madeni/madini), ingiza kila neno la jozi kwenye kitafutio, pitia kila linapotokea pamoja na maneno matano kila upande. Tafuta PANDE ZOTE MBILI za jozi. Wengi wanatafuta lile adimu tu, wakati kosa linalojificha zaidi ni lile neno maarufu lililokalia kiti cha adimu.

#11 MzeeWaKoma
dhamana/thamani zina tofauti mbili, si moja. Herufi ya kwanza na ya mwisho. Kwa hesabu ya #1 hao si majirani.

#12 Prufu ya Pili
Kwa hesabu ya #1, sawa. Kwenye prufu wanabadilishana kila siku. Hesabu ndiyo ijirekebishe.

#13 Fremu60
Kabla hatujahamia uhariri moja kwa moja, kuna njia ya tatu ya kupima ushindani bila kumpa mshiriki nafasi ya kukisia: kitangulizi kilichofichwa, yaani msururu wa herufi unaopita kwa kasi kabla ya neno linaloulizwa (shabaha). Forster na Davis ndio walioieneza, 1984. Inakwenda hivi:

– Alama ##### katikati ya skrini kwa ms 500.
– Kitangulizi kwa herufi ndogo, ms 50 hivi. Wengi hawajui kama kuna kitu kimepita.
– Shabaha kwa herufi KUBWA palepale, inabaki hadi mshiriki abonyeze. Shabaha yenyewe inafuta masalia ya kitangulizi.

Herufi ndogo dhidi ya kubwa ni ili msaada wowote usitokane na mfanano wa wino. (Hii nayo inamzika yule wa umbo la neno zima, #2.)

Segui na Grainger 1990: kitangulizi kikiwa jirani maarufu, shabaha adimu inachelewa. mahali → MAHARI ingekuwa mfano wetu. Davis na Lupker 2006 wakaweka wazi zaidi: kitangulizi kikiwa NENO linalofanana na shabaha, kinachelewesha. Kikiwa SI-NENO linalofanana vilevile, kinaharakisha. Kwa hiyo mahaki → MAHARI inasaidia na mahali → MAHARI inaumiza, ingawa umbali wa herufi ni uleule. Hapo huwezi kusema ni kelele ya jumla. Kuna kitu kinachoitwa neno na kina mabavu yake.

#14 MzukuuWaSilabi
Kwa nini 50? Forster na Davis si walitumia 60?

#15 Fremu60
Kwa sababu ya skrini. Skrini ya 60 Hz inachora picha (fremu) kila ms 16.7. Fremu tatu ni 50, fremu nne ni 66.7. Hakuna 60 hapo katikati. Ukiandika 60 kwenye programu, itakupa mojawapo ya hizo mbili, na programu nyingine zinakupa tofauti kila mara bila kukwambia. Ukivuka 66 watu wanaanza kukiona kitangulizi na jaribio linageuka jingine. Weka kwa idadi ya fremu, si kwa milisekunde. Na usifanye kwenye kivinjari cha mtu nyumbani kwake kabla hujajua skrini yake ina Hz ngapi.

#16 Kikokotoo
@Prufu ya Pili #12, hesabu imeshajirekebisha. Yarkoni, Balota na Yap, 2008, walileta kipimo kinachoitwa OLD20: kwa kila neno, pima umbali wa Levenshtein hadi maneno yote ya orodha (kubadilisha, kuongeza au kufuta herufi, kila tendo ni 1), chukua 20 ya karibu zaidi, toa wastani. futa/fuata inaingia, adabu/adhabu inaingia. Na inafanya kazi kwa maneno marefu, ambako hesabu ya 1977 inatoa sifuri karibu kila mahali.

Lakini kwa Kiswahili kuna swali linalotangulia: orodha ya maneno ni ipi? Ukihesabu maneno ya kamusi tu, "anapika" halimo kabisa. Ukichukua maneno kama yalivyo kwenye matini, "anapika" ana majirani anapiga, anapita, anapima, anapaka, anafika, anazika, anavika kwa upande wa mzizi. Unapika na inapika kwa upande wa kiima. Akapika na atapika kwa upande wa wakati. Karibu kila kitenzi kinakuwa na ukoo, na ukoo huo unajirudia kwa kila kiima na kila wakati. OLD20 yako itakuwa inapima urefu wa mnyambuliko, si upekee wa neno.

Ninavyofanya ni kutoa vipimo viwili, kimoja cha neno zima na kimoja cha mzizi peke yake, kisha viingie vyote kwenye uchanganuzi vigombane humo.

#17 Mtani
Atapika. Atatapika. Umbali wa Levenshtein ni 2, umbali wa mezani ni mkubwa sana.

#18 Konsonanti
😂 Mtani tuache.

Kikokotoo, hicho kipimo chako kina tundu. Anataka na anakata. Levenshtein inasema umbali ni 2, sawasawa na anataka hadi anapika. Mhariri yeyote atakwambia hiyo si kweli. Konsonanti mbili zimepishana tu.

Perea na Lupker, 2004, walifanya hivyo hasa: herufi zisizopakana, caniso kwa shabaha CASINO. Ikasaidia kuliko kuweka konsonanti nyingine kabisa. Na jambo la kuvutia: faida hiyo ilikuwa kwa konsonanti, irabu zilipopishana haikuonekana. Kiswahili kimejaa mpangilio huu: kutaka/kukata, kilima/kimila, na ukiruhusu herufi ya kwanza habari/bahari. Huhitaji kutunga si-neno, lugha imekupa jozi tayari.

#19 Prufu ya Pili
mashariki/mashirika. Zilizopishana hapo ni irabu, na inapita prufu kama kawaida. Elezea.

#20 Konsonanti
Kupita prufu si kipimo cha utambuzi wa ms 50 za mwanzo. Pale kuna muktadha, kumbukumbu ya neno lililoandikwa mstari uliopita, na kiambishi ma- kilichokuandaa kwa wingi. Usichanganye hatua.

#21 Prufu ya Pili
Msomaji naye hasomi kwa ms 50. Wewe ndiye uliyefungua uzi kwa kuuliza kuhusu msomaji.

#22 MzukuuWaSilabi
Si kuna ile barua pepe ya Cambridge inayosema mpangilio wa herufi za katikati hauna maana mradi ya kwanza na ya mwisho ziko mahali pake?

#23 JichoKavu
Ile ilizagaa 2003 na haikutokana na utafiti wowote wa Cambridge. Aliyeshughulika na herufi zilizovurugwa mapema ni Graham Rawlinson kwenye tasnifu yake ya Nottingham, 1976. Na madai ya "haina maana" si kweli. Rayner, White, Johnson na Liversedge, 2006, walipima: kuvuruga herufi za ndani kulipunguza kasi ya kusoma kwa 11%, za mwisho 26%, za mwanzo 36%. Kuelewa utaelewa, lakini unalipa.

Jaribu: "Msmoaji mzeofu ataelwea setnensi hii." Umeielewa, na jicho limekwama mara nne. Kiswahili kinaadhibu zaidi kwa mbinu hiyo kwa sababu silabi zetu nyingi ni konsonanti-irabu. Ukipisha herufi mbili zilizopakana unapata smo, lwe, tne, na mvurugo unajitangaza. Ndiyo maana mfano wa anataka/anakata una hila kuliko mvurugo wowote: silabi zinabaki safi.

#24 Bi Irabu
Hapa niingize kitu. Herufi ya kwanza ina upendeleo kwenye karibu kila modeli. Lakini kwenye kitenzi cha Kiswahili herufi ya kwanza ni kiima, nacho ni kimojawapo cha orodha fupi. Mzizi, wenye habari kubwa, unaanza herufi ya nne au ya tano, kwenye eneo lile ambalo herufi husongamana na nafasi zake hazishikwi vizuri. Kwa hiyo nategemea kupishana kwa konsonanti za mzizi kuumize zaidi kwenye "anataka" kuliko kwenye "taka" tupu.

#25 MzeeWaKoma
Au kinyume chake. Angalia Kiebrania: Velan na Frost, 2007, walikuta wasomaji wa lugha mbili wakisoma Kiingereza kilichopishwa herufi bila tabu kubwa, lakini kwenye Kiebrania wakaanguka. Mzizi wa konsonanti tatu ndio mlango wa neno, na ukipisha konsonanti unapata mzizi mwingine halali. Msomaji wa lugha hiyo analazimika kushika mpangilio kwa ukali. Kama Kiswahili nacho kina kata/taka, lima/mila, pata/tapa, basi msomaji mzoefu wa Kiswahili ameshajifunza kuwa mkali kwenye mzizi.

#26 Bi Irabu
Mzee, mfano huo una mguu mmoja. Kwa Kiebrania irabu nyingi haziandikwi, konsonanti zinabeba mzigo wote. Sisi tunaandika kila irabu. Linganisha na Kibaski, lugha inayobandika viambishi kama yetu. Duñabeitia, Perea na Carreiras, 2007: herufi zikipishwa ndani ya mofimu, kitangulizi kinasaidia. Zikipishwa kuvuka mpaka wa mofimu, msaada unatoweka. Maana yake viambishi vinabanduliwa mapema, na mzizi unasomwa kama neno lenyewe.

#27 Fremu60
Na Rueckl na Rimzhim, 2011, kwa Kiingereza: msaada ulibaki hata mpaka ulipovukwa. Usiuache huo nje, Bi Irabu.

#28 Kikokotoo
Wote mnabishana kana kwamba ushindani umethibitishwa. Norris, 2006, anaeleza mengi ya haya bila neno moja kumkandamiza jingine. Msomaji anakusanya ushahidi wenye kelele kuhusu herufi, na kila sampuli inabadilisha uwezekano wa kila neno, akianzia na jinsi neno linavyotumika. Ukiwa na "mahari" mbele yako, sampuli za mwanzo haziwezi kutenganisha r na l, na kwa kuwa mahali inaanza na mtaji mkubwa, unahitaji sampuli nyingi zaidi kuibwaga. Kuchelewa kunatokea bila kukandamizana. Na idadi ya majirani ikiwa kubwa, uwezekano kwamba hiki ni "neno fulani" unapanda, kwa hiyo kitufe kinabonyezwa haraka.

#29 Fremu60
Sawa, sasa kwa modeli hiyo nieleze kwa nini mahaki inasaidia na mahali inaumiza kama vitangulizi vya mahari.

#30 Kikokotoo
Mahali imeongeza mtaji wa mahali. Mahaki haina wa kumwongezea mtaji ila majirani, mahari akiwemo.

#31 Fremu60
Na mahali pia akiwemo, mwenye mtaji mkubwa tangu mwanzo. Bado hujanishawishi.

#32 MzukuuWaSilabi
Mnasema "msomaji mzoefu" kana kwamba ni mtu mmoja. Castles na wenzake, 2007, walifuatilia watoto: darasa la tatu vitangulizi vinavyofanana viliwasaidia kwa upana, miaka miwili baadaye msaada ukawa umepungua. Kadiri kamusi ya kichwani inavyojaa, kila neno linakuwa na ubaguzi zaidi.

Kwa watu wazima, Andrews na Hersch, 2010: wanafunzi wa chuo, wote wasomaji wazuri. Wenye tahajia imara walicheleweshwa na vitangulizi jirani, wenye tahajia dhaifu walisaidiwa. Ukitoa wastani wa kundi zima, tofauti hiyo inafunikwa. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote wape imla ya maneno magumu, na kazi ya kutambua tahajia sahihi kati ya zilizokosewa. Dakika kumi tu.

#33 Bi Irabu
Hii ndiyo hoja ya uzi huu kwangu. Na iende pamoja na Bowers, Davis na Hanley, 2005: walichukua maneno ya Kiingereza yasiyo na jirani, kama banana, wakawafundisha watu neno la kutungwa, banara. Baada ya mazoezi, banana yenyewe ikapungua kasi, na siku ya pili zaidi ya siku ya kwanza. Jirani aliumbwa na papo hapo akaanza kudai nafasi.

#34 DawaNaJina
Wakati mnabishana, kuna sekta ambako hili linaua. Nchini Marekani dawa ya Losec ilibadilishwa jina ikawa Prilosec mwaka 1990 kwa sababu ilikuwa inachanganywa na Lasix. Moja ni ya asidi ya tumbo, nyingine ya kutoa maji mwilini. Tangu 2001 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, inahimiza kuandika sehemu inayotofautisha kwa herufi kubwa: vinBLAStine na vinCRIStine, hydrOXYzine na hydrALAZINE. Na majina mapya yanapitishwa kwenye programu inayopima mfanano wa tahajia na wa matamshi kabla ya kukubaliwa.

Angalia vinblastine/vincristine: herufi za mwanzo sawa, za mwisho sawa, urefu sawa, tofauti iko katikati, mahali ambapo jicho halilipi sana.

#35 MzeeWaKoma
Herufi kubwa hizo zinasaidia kwa njia gani lakini? Kama utambuzi hauangalii umbo (#2, #13), kubadilisha umbo hakupaswi kubadilisha chochote.

#36 DawaNaJina
Zinaliambia jicho litue wapi. Ukitua kwenye BLAS, herufi zinazotofautisha ziko katikati ya uoni, hazikisiwi tena. Na wapo wanaosema zinafanya kazi moja tu, kukushtua kwamba jina hili lina pacha. Ukiandika kila kitu hivyo mshtuko unakwisha.

#37 Mtani
Basi tuandike anaTAka na anaKAta tumalize.

#38 Konsonanti
Tufanye jaribio lenyewe. Kikokotoo, toa orodha ya jozi za konsonanti zilizopishana na OLD20 zake. Fremu60 aandae ratiba ya skrini. Washiriki 40 wanatosha?

#39 Kikokotoo
Brysbaert na Stevens, 2018, wanashauri angalau vipimo 1,600 kwa kila hali. Washiriki 40 ni maneno 40 kwa kila hali. Kwa jozi halisi kama kutaka/kukata, zenye marudio yanayolingana na urefu sawa, hutapata 40 kirahisi. Bora maneno 20 na washiriki 80. Marudio yaweke kwa kipimo cha Zipf, logi ya marudio kwa milioni kuongeza 3, ili maneno adimu yasibanane chini.

Orodha ya awali nimeibandika kwenye kiambatisho. Ni ghafi.

#40 Prufu ya Pili
Nimeifungua. Umekata maneno kwenye kila alama isiyo herufi, kwa hiyo "ng'ombe" imegawanyika kuwa "ng" na "ombe". Na kwenye matini zako kuna ' iliyonyooka na ’ iliyopinda, kompyuta inaziona vitu viwili. Fanya zote ziwe moja kwanza, ruhusu alama hiyo ndani ya neno, ndipo ukokotoe. Sasa hivi jirani wa karibu wa "omba" kwenye orodha yako ni ng'ombe aliyekatwa kichwa.

#41 Kikokotoo
"Ombe" ni halali, mkuu. Aombe, waombe, tuombe.

#42 Bi Irabu
Bila kiima haisimami. Itoe.